Mkeka wa Kwanza Uwe Wako

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika skuli moja ya Wete, Pemba, na kuandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Mheshimiwa Sheha, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa mbele, kina mama na kina baba, na nyinyi wanangu mlioegemea ukuta kwa kukosa viti: ahsanteni kwa kuja. Niliitwa nizungumze juu ya kazi za mikono na kipato. Nimewaomba walioniita waniruhusu nizungumze jambo linalotangulia kipato, nao wamenikubalia. Kipato kina wasemaji wengi. Kila semina inayotufikia inatufundisha bei, soko, vifungashio na mikopo. Ni mafunzo mazuri, nimeyahudhuria na nimefaidika nayo. Lakini sijamsikia mtu akashika kipaza sauti akasema kwamba kusuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonwa ukawa mkeka, ni raha. Leo nimekuja kulisema hilo.

Wazee wetu walituambia kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Ni kweli, na mkono uliotulisha tunauheshimu. Lakini wazee hao hao, tumbo likishashiba, walikaa uani jioni na kipande cha ukili mapajani, na hakuna aliyekuwa akiwadai. Walikuwa wakitafuta nini? Hilo ndilo swali langu.

Nianze na ukindu, yale majani ya mkindu tunayosukia, maana hapo ndipo wengi wenu mnapopajua.

Shambani hukatwa yale majani machanga ya katikati ambayo hayajafunguka. Yakishachanua na kupigwa na jua mtini hukomaa, na yaliyokomaa huvunjika mkononi. Huanikwa mpaka ukijani uondoke, kisha huchanwa. Kwenye kuchana ndipo fundi anapojulikana, kwa sababu miyaa, yaani vile vipande vyembamba vilivyochanwa, ikipishana upana, ukili nao hupinda, na hakuna ujuzi wa kusuka utakaounyoosha baadaye. Mtazameni bibi anayejua kazi: anachana kwa ncha ya kisu huku anamjibu jirani juu ya habari za mtoto wake aliyeko Unguja, hata haangalii, na miyaa inatoka sawasawa. Kichwa kipo kwenye mazungumzo na vidole vipo kazini, na kimoja hakimsumbui mwenzake. Mtu mwenye vidole kama hivyo ana mahali pa kupumzikia popote alipo.

Halafu rangi. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, wekundu kwenye mbegu za mzingefuri, na umanjano kwenye manjano haya haya tunayotilia mchuzi. Siku hizi tunanunua rangi ya unga dukani na kuichemsha kwenye sufuria kuukuu. Sina ugomvi na rangi ya duka. Inashika upesi na inakolea vizuri. Hata hivyo, ningependa kila binti aliyemo humu achemshe manjano japo mara moja, autumbukize ukindu mweupe, autazame unavyobadilika ndani ya maji. Akishaona hivyo, jiko la mama yake litakuwa jiko jingine machoni mwake. Ataanza kuyatazama maganda ya vitunguu na kujiuliza yatatoa rangi gani. Nawaambia mapema: yanatoa rangi nzuri ya hudhurungi inayoelekea dhahabu. Lakini jaribuni wenyewe, msiniamini mimi.

Baada ya hapo, ukindu ukisharowekwa ukalainika, ndipo mtu anaanza kusuka. Na kipimo chake anacho mwilini. Shubiri ni kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima, yaani mikono yako miwili ikinyooshwa kushoto na kulia. Ukili unahesabiwa kwa pima. Msukaji hahitaji tepu ya fundi cherehani, na mkeka anaoutoa umepimwa kwa mikono itakayoukunjua na kuukunja miaka yote. Mimi napenda sana jambo hili. Vitu vingi majumbani mwetu vilipimwa kiwandani kwa ajili ya mtu asiyetujua. Mkeka ulipimwa kwa mwili wa mtu wa nyumba hiyo.

Sasa raha yenyewe iko wapi?

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, nikiwasikiliza wanawake wa hapa na kujisikiliza mwenyewe. Kina mama, nisikilizeni, na mtaniambia kama nimekosea. Kazi nyingi za nyumbani zikishafanyika hazionekani. Unapika, chakula kinaliwa, sahani zinarudi chafu. Unafua, kesho nguo zile zile ziko kwenye kapu. Unafagia uwanja asubuhi, mchana majani ya mwembe yameshajaa tena. Siku nzima umefanya kazi, na ukiulizwa jioni umefanya nini, huna cha kukionyesha kwa kidole. Lakini ukili uliousuka jana upo leo pale pale ulipouacha. Haukuliwa wala haukuchafuka. Unauokota, unaongeza shubiri tatu, unauweka chini, na kesho utazikuta. Kwa mwanamke ambaye kazi yake yote inaliwa kila siku, kuona kitu kinakua mikononi mwake ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa.

Na kuna utulivu. Wasiwasi unakaa kwenye mikono kabla haujapanda kichwani. Mtazameni mtu mwenye dhiki: anakunjakunja ncha ya kanga, anashika simu anaiweka, anaishika tena. Mpe mtu huyo kitu cha kushona. Dhiki haiondoki, deni liko pale pale na mgonjwa bado anaumwa, lakini mikono imepata pa kukaa, na pumzi inaanza kufuata mwendo wa sindano. Nimekaa na wafiwa walioomba wapewe ukili wasuke. Hatukuwauliza kwa nini.

Kwa anayedhani haya ni mambo madogo ya uani, naomba twende nyuma kidogo. Katika karne ya 1 baada ya Nabii Isa, baharia mmoja Mgiriki, ambaye hakuacha jina lake, aliandika juu ya biashara ya bahari yetu hii. Alikitaja kisiwa kimoja cha pwani ya huku, akakiita Menouthias. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ni Pemba, ni Unguja au ni Mafia, na mimi kama Mpemba mnajua nitaegemea wapi. Alipokieleza kisiwa hicho alitaja vyombo vya baharini vilivyoshonwa, na mitego ya kusuka waliyotega watu kwenye mikondo ya maji. Sikilizeni hayo: vilivyoshonwa, na ya kusuka. Karibu miaka 2,000 iliyopita mgeni anafika, na kilichomshangaza akakiandika ni kazi ya vidole. Dema tunayoitegea samaki leo ni ndugu wa mitego ile.

Na mitepe, ambayo babu wa babu zetu waliiona ikipita, ilikuwa vyombo visivyo na misumari. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa la miyaa iliyosukwa. Hebu fikirini: mkeka ulishika upepo na kuvusha watu na mizigo baharini. Na usumba nao ni kazi ya subira. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, pale maji yanapojaa na kupwa, yakakaa miezi mpaka nyama ya kumbi ioze. Kisha hufukuliwa, hupondwa, huoshwa, huanikwa, ndipo husokotwa kamba. Nendeni Paje au Jambiani upande wa Unguja mkaulize, kina mama wa huko wanaijua kazi hii. Na hapa kwetu, karafuu zinazotutia jina duniani tunazianika juu ya nini? Juu ya majamvi.

Basi mtu asiniambie kwamba kusuka ni kupoteza wakati.

Nije kwenye kofia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kofia ya kushonwa kwa mkono ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Nawaomba radhi wasukaji.

Kitambaa ni cheupe, na uzi mara nyingi ni mweupe au wa rangi ya maziwa. Nakshi huchorwa kwanza, halafu mshonaji anatoboa vitundu vidogo vidogo kwa sindano na kuzungushia uzi kila kimoja mpaka ukingo wake ukaze. Kofia moja ina vitundu vingi mno, na kila kimoja kinataka mkono ule ule ulioshona cha kwanza. Ukiwa na hasira leo, uzi utavutika na kitundu kitakunjamana, na kila atakayeishika kofia ataiona hasira yako. Kwa hiyo washonaji wazuri wakiwa na hasira huiweka kazi pembeni. Wiki kadhaa zinapita, pengine miezi, kofia inazunguka kutoka mkekani kwenda kwenye kikapu na kurudi mkekani. Dukani kuna kofia za mashine, rahisi na nadhifu, na asiye na nafasi akanunue bila ya haya.

Lakini mmepata kumwona mwanamme aliyevaa kofia aliyoshonewa na mkewe au mama yake, anapoingia kwenye Maulidi? Haiweki kofia hiyo popote tu. Akienda kutawadha anaivua kwa mikono miwili. Kuna mtu alimfikiria kitundu kwa kitundu kwa miezi, na yeye anajua. Sijui zawadi nyingine inayobeba wakati mwingi wa mtu kiasi hicho ikakaa juu ya kichwa. Na raha ya mshonaji iko huko: wakati wote wa kushona, aliyependwa yuko pamoja naye, hata akiwa baharini au Muscat.

Ziko kazi ndogo zinazokwisha jioni moja, nazo msizidharau. Asumini ikichumwa alasiri ikiwa bado imefumba, ikatungwa, inafunguka usiku ikiwa kwenye nywele. Kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kinataka mrehani, kipande cha mkadi, asumini na kilua kikipatikana, na kila nyumba ina mkono wake wa kukifunga. Udi wa kupika, na sukari yake na marashi yake, una siri ambazo mama humnong'oneza binti siku anapokaribia kuolewa, na mimi sitazitoa hapa mbele ya watu wote. Kuna kufuma vitambaa vya meza, kuna kudarizi foronya. Foronya iliyodariziwa inalala chini ya shavu la mtu unayemtakia usingizi mwema.

Baba zangu na kaka zangu, naona mnatazama saa. Msifikiri mmeachwa nje.

Vyombo vya baharini vya Nungwi vinaundwa mpaka leo kwa jicho na mkono. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Unguja, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, ilichongwa na mafundi waliokaa na patasi mpaka mgongo ukauma. Hizo ni kazi za wanaume, na hakuna aliyesema zinapunguza uanaume. Mimi nasikitika nikimwona baba aliyestaafu anakaa barazani tangu asubuhi hana la kushika, wakati mikono yake ilijenga nyumba nzima. Chonga mwiko. Chonga mbuzi mpya ya kukunia nazi, ile ya nyumbani imeshalegea na bibi ameshasema mpaka amechoka. Chonga bao: mashimo 32 tu, safu nne za mashimo manane, kisha tafuta kete 64 za komwe, na utakapomfunga rafiki yako juu ya bao ulilolichonga mwenyewe, utamu wake utakuwa mara mbili.

Na mwanao wa kiume yuko pale anangoja. Mtafutie kipande cha mti mwepesi, mwonyeshe namna ya kuchimba kingalawa, kutia ndubi, vile vibao vya kukizuia kisipinduke, pande zote mbili, na kusimamisha tanga. Kitapinduka. Mwache afikirie kwa nini. Atasogeza ndubi, atapunguza tanga, atarudi majini, na hapo atakuwa amejifunza mambo ya uzito na upepo ambayo mwalimu wa sayansi anahangaika kuyachora ubaoni. Tiara ya kurusha angani vile vile: chelewa mbili, zile njiti za makuti, karatasi, gundi ya unga na mkia. Mkia ukiwa mfupi inazunguka kama mwendawazimu, ukiwa mrefu mno hainyanyuki. Mtoto anayejua kuurekebisha mkia ni mtoto anayejua kusubiri na kutazama.

Simu? Sitaisema vibaya. Yuko binti mtaani kwetu aliyejifunza kufuma kwa kutazama video, bila ya mtu kumwonyesha, na vitambaa vyake ni vizuri kuliko vya wengi waliofundishwa. Simu ikimpeleka mtoto kwenye uzi, nimeikubali. Ninachotaka ni kwamba video ikishakwisha, awe na uzi pembeni yake.

Sasa nije kwenye neno lililonileta khasa, nalo linawahusu walimu na viongozi wa vikundi.

Tunapomfundisha msichana kusuka, mara nyingi siku ya kwanza tunamwambia habari za soko. Tunamwambia mgeni wa hotelini anataka rangi gani, mkoba uwe wa ukubwa gani, bei iwe ngapi. Msichana anasuka, ukili wake wa kwanza unapinda, kama ilivyo kawaida ya ukili wa kwanza wa mtu yeyote, na soko linaukataa. Soko halina kosa, kazi yake ni kuchagua. Lakini yule msichana hakurudi wiki iliyofuata, nasi tukaandika kwenye daftari kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Tulimpeleka kwenye mizani kabla hajaonja.

Na upande wa pili nimeona jambo lililonichoma zaidi. Nimeingia kwenye nyumba za wasukaji hodari, wanawake ambao mikeka yao inapakiwa mpaka nje ya nchi, na sakafuni kwao nimekuta mkeka wa plastiki. Msala wa kusalia nao wa kiwandani. Kila kizuri kilichotoka kwenye mikono yao kimekwenda, wala hawakubakiza hata kimoja cha kukalia. Watoto wa nyumba hiyo wanamwona mama anasuka mchana kutwa, na hawajawahi kulala juu ya kazi yake. Watapendaje kuirithi?

Kwa hiyo nawaomba walimu: mkeka wa kwanza wa mwanafunzi usiuzwe. Usipimwe, usipewe alama, usipigwe picha kupelekewa mfadhili. Uende nyumbani kwao ulivyo, na upindo wake, utandikwe, watu waukalie na chai. Wa pili, wa tatu, vile vile. Hamu ikishaingia, mkono utanyooka wenyewe, na hapo soko litamkuta mtu anayejua anachokiuza. Na kina mama mnaouza, nawaombeni kila mwaka mkeka mmoja uwe wa nyumba yenu. Chagueni ule mzuri. Mgeni atapata mwingine.

Najua mtasema wakati haupo. Kati ya alasiri na magharibi ipo nusu saa ambayo jua limelegea na mwanga bado ni mzuri kwa sindano. Kaa karibu na dirisha au uani, mwanga ukutokee upande wa bega la kushoto kama unashonea mkono wa kulia. Egemeza mgongo. Kila baada ya muda nyanyua macho utazame mbali, mpaka kwenye minazi, kwa sababu macho yanayotazama karibu tu huchoka. Kazi iwe kwenye kikapu kimoja chenye kila kitu chake, ili nusu saa isiishie kwenye kutafuta mkasi. Na kama kuna bibi nyumbani au jirani anayejua mitindo ya zamani, kaeni naye sasa. Mingi ya mitindo ile haikuandikwa, iko kichwani na vidoleni mwake.

Nimesema vya kutosha, na walioandaa siku hii wameshanionyesha ishara. Chini ya mwembe wa uwanjani kuna ukindu uliokwishachanwa na kurowekwa, na kina bibi watatu wa shehia hii wameshakaa tangu tulipokuwa tunasoma dua. Wanaotaka kofia waende darasa la mwisho, lile lenye madirisha mawili, nguo na sindano ziko mezani. Wavulana, chelewa na karatasi za tiara ziko kwa mwalimu wenu wa michezo, na upepo wa kusi unavuma vizuri leo. Kina baba, patasi mbili nimekuja nazo mwenyewe, ziko kwenye mkoba wangu, mtazirudisha. Chai na mkate wa kumimina vitaletwa huko huko mtakapokaa.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.